Ndizi za Kisima cha Tatu

Pua za Isimbila ziligeuka nyekundu wakati mimi nina chapati mdomoni. Nilikuwa nimesimama dirishani nasubiri chai ipoe, nikaona ya jirani inabadilika: kijani, njano, halafu nyekundu ya pilipili. Ikafuata ya nyumba ya pili. Kisha mtaa mzima, ukuta kwa ukuta, mpaka kule kwenye karakana ya zamani. Nikageuka kutazama ya kwangu, iliyo pembeni mwa jiko. Nyekundu. Nikaiacha chai, nikatoka mbio na viatu visivyofanana.

Kila nyumba ya Isimbila ina pua. Ni kidude cha ukubwa wa kiganja, kimepachikwa ukutani karibu na sakafu, kazi yake kunusa gesi inayopanda kutoka ardhini. Watoto wetu hujifunza rangi kwa pua kabla ya kuona kitabu. Kijani, lala. Njano, fungua madirisha. Nyekundu, toka nje. Zamani za babu zetu, vyuma vya treni za sumaku vilikuwa vikioshwa kwenye ile karakana, na dawa ya kuondolea grisi ikamwagwa chini, maana siku zile kila kilichochoka kilimwagwa chini. Dawa haikuoza. Ilizama mpaka kwenye maji, ikakaa huko inatungoja. Mimi nimezaliwa Isimbila, nywele zimeanza kunigeuka mvi Isimbila, na sijawahi kunywa hata funda moja la maji ya ardhi yake. Maji yetu huja kwa mgao kutoka milimani, na Tume ya Udongo imekwisha sema wazi: ardhi isiposafishika safari hii, mji unahamishwa, makaburi na yote.

Ndiyo maana nilileta wageni.

Nilipofika kisima cha tatu nilisikia mngurumo kabla sijaona kitu. Bosko, mlinzi wa visima, alikuwa amechuchumaa kando ya kifuniko. Bosko ni mtu mkubwa, mpole, asiyegusa kifuniko bila kwanza kupiga hodi, na mimi kwa tabia hiyo nilikuwa namcheka kila siku. Asubuhi hiyo kifuniko kilikuwa wazi. Bomba jeusi limeshushwa ndani, na upande wa pili wa bomba inanguruma pampu ya matairi ya gereji ya shemeji yake.

"Bosko! Unafanya nini?"

"Kamwene, Daktari," akanisalimu, anatabasamu. "Nawajazia wageni upepo."

"Unawajazia nini?"

"Upepo. Tangu jana mchana. Joto lilikuwa kali mno, na wewe mwenyewe ulisema mkutanoni kwamba wanapumua. Halafu umewafunika kwa chuma! Nikajiuliza, mgeni wa watu anapumua nini humo ndani?"

Niliirukia ile pampu nikaizima kwa teke. Niliyomwambia Bosko hapo siwezi kuyarudia, marehemu mama angenizaba kofi. Wageni wetu ni bakteria, jamani. Bakteria wasiotaka hewa! Oksijeni kwao ni sumu. Wanaishi gizani, kwenye maji yasiyo na pumzi, na pale mimi na wewe tunapovuta oksijeni, wao wanavuta klorini.

"Nilisema wanapumua klorini, Bosko! Klorini!"

"Ulisema wanapumua," akajibu, na tabasamu sasa limekwisha. "Hiyo nyingine nilidhani ni jina la ukoo wao."

Akatazama ukuta wa nyumba yake, hatua chache kutoka kisimani. Pua ilikuwa nyekundu, na chini yake wamekaa mabinti zake wawili wanavaa viatu vya shule. Bosko akawakimbilia, akawabeba wote kwa mkupuo, mmoja kila kwapa. Hapo hasira ikanitoka yote, nikabaki na hofu.

*

Mhandisi Ngailo wa Tume alikuwa amenitangulia kwenye chumba cha mitambo. Mezani pale pana alama mbili za viganja, moja yake, moja yangu. Viganja vyote viwili vikiwekwa, mitungi ya oksijeni inafunguka kwenye visima vyote na wageni wote wanakufa. Alama yake ilikuwa tayari inawaka bluu.

"Weka mkono, Twilumba."

"Subiri kwanza."

"Pua za mji mzima ni nyekundu. Nisubiri nini? Watu waanguke?"

Ngailo si mtu mbaya. Ana wanawe, analala vibaya, na kila akinitazama anaona faili litakaloanguka juu ya kichwa chake. Alikuwa na haki ya kuogopa, na hilo ndilo lililoniudhi. Dawa ile ya grisi ina klorini nne. Wageni huzibandua moja baada ya nyingine. Zikiisha zote, kinachobaki ni ethilini, gesi isiyomdhuru mtu kwa kiasi kile cha kwetu. Lakini ikibaki klorini moja tu, unapata vinili, na vinili ni mbaya kuliko dawa yenyewe. Inakula ini polepole. Wageni wakikwama hapo, ni afadhali wasingeanza kazi.

"Hujui kama ni vinili," nikamwambia. "Pampu ya Bosko imesukuma juu gesi yote iliyokuwa imetulia udongoni. Pua inanusa gesi tu. Vinili na ethilini kwake ni kitu kimoja."

"Mashine inayojua kutofautisha iko wapi?"

"Makao makuu. Majibu ni baada ya wiki."

"Basi weka mkono."

"Nikiweka mkono, nimeua mji! Wageni hawa wamechukua miaka kuuzoea udongo huu. Hakuna wengine. Dawa itabaki ilivyo, na ninyi mtakuja na magari kutuhamisha."

"Na usipoweka, watoto wa Bosko wanavuta sumu." Akashusha sauti. "Kuna njia ya tatu. Tunyamaze. Tuseme pua zimeharibika, tuzizime, tusubiri hiyo wiki. Ukiwaambia ukweli wataondoka, na mji ukiwa mtupu Tume inaufunga siku hiyo hiyo. Unajua."

Nilijua. Nilikaa kwenye kiti nikatazama kile kiganja cha bluu, na nakiri nilivutwa. Wiki moja ya kunyamaza, halafu labda maji safi milele. Labda.

Mlango ukasukumwa kwa nyonga. Akaingia Mama Ostakia, mpika togwa wa mji, kabeba mkungu wa ndizi begani, jasho linamtiririka, hasira zimempanda mpaka kwenye kilemba.

"Daktari! Wageni wako wameniharibia ndizi!"

"Mama Ostakia, sasa hivi tuna..."

"Sasa hivi hivi! Togwa yangu unaichukua madumu kwa madumu unaimwaga shimoni kuwalisha wageni wako, nimenyamaza. Ndizi zangu pia?" Akautua mkungu juu ya meza, katikati ya viganja. "Hizi ni za kupika. Jumapili mjukuu wangu anapata kipaimara, nina watu wa kulisha. Nikaziweka kwenye kibanda cha kisima cha kwanza kwa vile kuna ubaridi. Juzi zilikuwa mbichi, ngumu, zinalia ukizigonga. Leo tazama! Nani kakutuma univumbikie ndizi zangu?"

Zilikuwa za njano kabisa. Nyingine zimeanza vidoa. Chumba kizima kilinukia sherehe.

"Umesema nini?"

"Nimesema nani kakutuma univumbikie..."

Sikumngoja amalize. Nilimkumbatia yeye na mkungu wake, nikambusu shavu la kulia na la kushoto, naye akawa ananisukuma, "Toka hapa, umerukwa na akili?" Ngailo alisimama akashika simu, nadhani alitaka kuita daktari wa kweli.

"Ngailo, kwenu ndizi mnaziivishaje?"

"Tunavumbika. Tunachimba shimo, tunafunika majani, tunaziba..."

"Mnaziba hewa, na ndizi zinaiva. Kwa nini zinaiva? Kwa gesi inayotoka kwenye ndizi zenyewe ikakosa pa kutokea. Gesi gani hiyo, Mhandisi?"

Akaushika mkungu kwa mikono miwili.

"Ethilini," akasema.

"Ethilini! Kisima cha kwanza wamemaliza kazi! Zote nne!"

"Na vinili je? Haiivishi?"

"Inajaribu, maskini. Ingehitaji kujaa mara elfu na zaidi ndipo ifanye kazi ile ile, na ingejaa hivyo tusingekuwa hapa tunabishana."

Akakaa. Akafikiri. "Hicho ni kisima cha kwanza," akasema. "Cha tatu kilikuwa nyuma tangu mwanzo. Halafu kimejazwa upepo."

Furaha yangu ikapungua nusu, kwa sababu alisema kweli. Lakini sasa nilikuwa na kitu cha kupimia, na hicho kitu kilikuwa kinaning'inia kila uani Isimbila.

"Ndizi mbichi kila nyumba, kando ya pua," nikasema. "Pua nyekundu na ndizi imeiva, hapo ni salama. Pua nyekundu na ndizi mbichi, hapo ni sumu. Siku mbili tatu tu. Watu walale nje."

"Na utawaambia kwa nini?"

"Nitawaambia yote."

"Watang'oa vifuniko, Twilumba. Watawaua wageni wao wenyewe."

"Basi watakuwa wamewaua wao, wakijua wanachofanya. Hizo ni pumzi zao, Ngailo, si zangu wala zako." Nikasimama, nikauchukua ule mkungu. "Kiganja chako kiache hapo hapo. Wakisema tuue, nakuja kuweka changu."

*

Uwanja wa shule ulijaa, na haukujaa kwa amani. Niliwaambia vinili ni nini. Niliwaambia inafanya nini kwenye ini. Niliwaambia sijui nyumba ipi inayo na ipi haina. Nilipofika hapo makelele yalikuwa yanatoka pande zote, na mwanamume mmoja wa mtaa wa juu alikuwa ameshashika nyundo.

"Tukavunje vifuniko!" akapaza sauti. "Watu gani wanafungiwa na sumu!"

"Nani alifungua kisima?" mwingine akauliza. "Si mlisema hakifunguliwi?"

Sikutaja jina. Nilikuwa nimeamua sitalitaja. Bosko akainuka mwenyewe katikati ya watu, mrefu, mabinti zake wamemshika suruali.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaonea huruma. Nilisikia wanapumua, nikawapa hewa."

Zikaja zile kelele mbaya ambazo watu hutoa wakipata wa kumlaumu. Nikapanda juu ya dawati.

"Msimguse! Neno 'kupumua' nililileta mimi, na leo nalitupa. Wageni hawapumui. Sikilizeni vizuri." Nikainua juu ule mkungu wa Mama Ostakia. "Wageni tumewavumbika."

Sikuhitaji kuongeza kitu. Nililiona lile neno likipita uwanjani, kutoka mabibi mpaka watoto, na vichwa vikitikisika.

"Aaa! Kumbe!"

"Sasa nani anafunua ndizi kabla hazijaiva?"

"Mimi nilifunua shimo la bibi mara moja tu," akasema yule wa nyundo, na nyundo yenyewe imeshuka. "Mpaka leo nikiona fimbo nakaa wima."

Watu wakacheka. Walicheka kwa woga, lakini walicheka.

"Daktari, na wewe una makosa," bibi mmoja akanifokea kutoka mstari wa mbele. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, nani angegusa kifuniko? Miaka yote unatuletea maneno ya chuo!"

"Nimekosa, bibi. Sasa uamuzi ni wenu. Tukiwaua leo, hatari inaisha leo na mji tunauhama. Tukisubiri, tunalala hapa uwanjani, na nyumbani tunaacha ndizi. Kama kuna nyumba yenye sumu, tutaijua kwa jina."

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho wake hakuna aliyepiga kura, ila nilimwona Mama Ostakia anatandika mkeka wake chini ya goli la mpira, anavua viatu, anauliza nani ana blanketi la ziada. Wakaanza kumfuata mmoja mmoja. Ngailo alitazama mambo hayo yote kutoka getini. Kisha akaja akaomba nafasi kwenye mkeka, tena akiwa na suti.

*

Siku ya tatu tulirudi nyumbani kwa mguu, mji mzima kwa pamoja, na mtaa wa kwanza kuufikia ulikuwa wa juu. Yule wa nyundo aliingia kwake tukabaki nje tunasubiri. Akatoka na ndizi ya njano, ameimenya tayari, anatafuna.

"Tamu!" akapiga kelele.

Loo, sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile! Mlango wa pili, njano. Wa tatu, njano, na nyingine zimelegea hata hazishikiki. Watoto wakawa wanatangulia mbio kufungua milango, wanarudi wanapunga ndizi juu. Pua ukutani zilikuwa bado nyekundu kama zimetukasirikia, na hakuna aliyejali. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Karibu mji wote! Dawa iliyowashinda babu zetu, wageni wetu wameibandua mpaka klorini ya mwisho!

Tulipofika kwenye nyumba zinazozunguka kisima cha tatu, vigelegele vikapungua vyenyewe. Bosko aliingia kwake peke yake. Alikaa sana. Alipotoka, ndizi mkononi mwake ilikuwa kijani, ngumu, vile vile alivyoiacha. Na za majirani zake zilikuwa hivyo hivyo.

"Angalau tumejua," Ngailo akanong'ona.

Tulijua, na tungenyamaza tusingejua. Mabinti wa Bosko wangekuwa wamelala kila usiku juu ya vinili, na mimi ningekuwa nimewatandikia kitanda.

Bosko aliiweka ile ndizi chini, kando ya kifuniko. "Niambie la kufanya, Daktari," akasema. "Mimi nilivunja."

"Tunawaletea ndugu zao," nikasema. "Na tunawalisha."

Tukavuta wageni kutoka kisima cha kwanza, kwa bomba lililozibwa lisilopitisha hata pumzi ya sisimizi, mpaka kisima cha tatu. Chakula kikawa togwa, lakini si ile tamu ya harusini. Wageni wanataka haidrojeni, na haidrojeni hupatikana togwa ikichacha huko chini. Mama Ostakia alisimamia. Kila nyumba ilileta yake, na yeye akaonja kila dumu na kukunja uso. "Hii bado tamu, peleka ikakae! Hii sawa, hii imekata ulimi. Mimina!" Ngailo, mhandisi mzima wa Tume, alibeba madumu mpaka suti yake ikanuka uchachu. Siku ile ile, bila kumwambia mtu, alikwenda kwenye chumba cha mitambo akafuta kiganja chake mezani.

Familia za kisima cha tatu zilibaki madarasani. Kila asubuhi Bosko alikwenda kwake, akatazama ndizi, akarudi. Ikikauka, alitundika nyingine mbichi. Hakuniuliza lolote, nami nilishindwa kumtazama usoni. Nilikuwa nimemnyang'anya ufunguo wa visima siku ya pampu, nikauvaa shingoni, na sikujua namna ya kuuvua.

Halafu asubuhi moja nikiwa na chapati mdomoni, nikasikia mtu anakuja mbio, mzito, ardhi inatikisika. Bosko alisimama dirishani kwangu. Alinyoosha mkono tu, na kwenye kile kiganja kikubwa kulikuwa na ndizi ya njano, iliyoiva mpaka ngozi inapasuka.

Chapati ilianguka. Nilitoka kupitia dirishani.

*

Gesi ilikwisha yenyewe taratibu, na pua zikarudi kijani, moja moja, ya Bosko ya mwisho. Baada ya masika majibu ya maji yakaja kutoka makao makuu. Ngailo alinisomea kwenye simu mara mbili, maana mara ya kwanza nilipiga yowe nikaifunika sauti yake. Visima vyote. Maji yanafaa kunywa.

Mji ukachagua kisima cha tatu kiwe cha kwanza kufunguliwa bomba. Si kifuniko, kifuniko hakifunguliwi tena, ni bomba la pembeni lenye kufuli. Mji wote ukaja na ndoo, na Mama Ostakia akaja na glasi ya kioo aliyoitunza tangu harusi yake. Akanipa mimi.

Nikavua ufunguo shingoni, nikamwekea Bosko mkononi.

"Fungua wewe. Na ukae nao."

Aliutazama. Akafungua kufuli, akashika koki, halafu akatulia hapo hapo, hageuzi.

"Sasa unasubiri nini?"

"Hawajapigiwa hodi, Daktari."

"Piga basi."

"Leo zamu yako."

Watu wote wakanitazama, wengine wameshaanza kubana vicheko. Nikapiga magoti kwenye matope na gauni langu jipya, nikagonga kile kifuniko cha chuma kwa vidole.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Bosko akaitikia kwa niaba yao, akafungua koki.

Maji yalitoka yakikohoa, kisha yakanyooka. Glasi ikajaa. Niliinua juani, nikaitazama, nikanywa yote bila kupumzika, huku mji mzima umenikazia macho.

"Eeh, sema!" Mama Ostakia akashindwa kuvumilia. "Yana nini?"

"Hayana kitu," nikasema, na machozi yakanishinda. "Hayana kitu chochote, Mama Ostakia."